Marehemu Aliyekuja na Basi la Mbeya

Tulimwita Marehemu kwa sababu hatukuwahi kumwona, na kwa sababu kila tulipofungua kazi yake tulicheka kama watu waliokaa matanga ya mtu mcheshi. Tulikuwa wawili katika chumba kimoja chenye kompyuta mbili, nyuma ya maghala ambayo zamani yalikuwa ya ushirika. Ushirika ulikuwa umechoka, maghala yamekodishwa, na waliotuajiri walikuwa wafanyabiashara walionunua mahindi na maharage ya Ufipa na kuyapeleka popote palipokuwa na bei. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Wakati wa mavuno malori yalipanga foleni Sumbawanga kuanzia barabara kuu mpaka kwenye mizani yetu, na ghafla ghala lililokuwa likiendeshwa kwa kalamu ya risasi lilihitaji kompyuta.

Mimi nilizaliwa Mazwi, palepale mjini Sumbawanga. Nilisoma kompyuta Mbeya, nikarudi nyumbani nikiwa msichana pekee mtaani anayejua kuandika programu, jambo ambalo mama aliwaeleza majirani kuwa ni uchapaji wa hali ya juu. Mwenzangu alikuwa kijana wa Muze, kule chini bondeni upande wa Ziwa Rukwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na stashahada yake aliipatia Dar es Salaam. Joto la bondeni alikozaliwa halikumwandaa kwa baridi yetu ya Juni, kwa hiyo alivaa koti hata ndani ya ofisi na kuandika huku vidole amevificha nusu kwenye mikono ya koti hilo.

Programu tuliyoikuta ilikuwa ya kupokea mzigo. Karani anaingiza uzito wa gunia, aina ya zao na kijiji lilikotoka, programu inajumlisha na kutoa stakabadhi. Ilifanya kazi, hilo lazima niliseme. Lakini ukiifungua ndani na kusoma mistari yake, ulikuta mambo ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuyaandika akiwa ameketi vizuri.

Mwenzangu ndiye aliyeanza. Siku moja aliniita niangalie kioo cha kompyuta yake.

"Soma hapa," aliniambia. "Soma kwa sauti."

Nikasoma. "Kama uzito ni zaidi ya sifuri, endelea. Kama uzito si sifuri, endelea. Kama uzito si chini ya sifuri, endelea."

"Umeona? Huyu mtu amejenga nyumba, amekaa ndani, kisha anatoka nje kubisha hodi mara tatu kuhakikisha kama yumo."

Nilicheka mpaka karani wa mizani akaja kuuliza kuna nini. Hatukuweza kumweleza. Huo ndio uliokuwa utamu wake: kicheko ambacho katika mji mzima kilikuwa na watu wawili tu wa kukielewa.

Tukaanza kuwinda. Nikapata sehemu inayochukua idadi ya magunia, inaongeza moja, inapita mistari kadhaa isiyohusika, halafu inapunguza moja. Nikamwambia mwenzangu kwamba Marehemu ametoka Mazwi kwenda Chanji, mtaa wa jirani, kwa kupitia Muze. Yeye akapata ukurasa mzima wa zao la pareto, ambalo kampuni haikuwahi kununua hata kilo moja, na hakuna sehemu ya programu iliyoutumia ukurasa wenyewe. "Chumba kisicho na mlango," akasema, "na ndani ametandika kitanda." Lakini kipenzi chetu kilikuwa kile cha mahindi. Kama mzigo ni mahindi, andika mahindi. Kama si mahindi na ni maharage, andika maharage. Kama si mahindi wala si maharage, na ni mahindi, andika mahindi.

Hatukukifuta. Ingekuwa rahisi kukifuta, lakini tulikiacha kama watu wanavyomwacha mlevi wa mtaani kwa sababu anachangamsha barabara. Kikaingia katika maneno yetu. Nikimuuliza kama amekula, ananijibu, "Nimekula. Na kama sijala, wala sina njaa, na nimekula, basi nimekula." Meneja akituuliza jambo, tulitazamana kwanza. Mchana tulikula pamoja mahindi ya kuchoma ya mama mmoja aliyekaa karibu na geti, na jioni mwenzangu alisukuma baiskeli yake kando yangu mpaka karibu na kwetu, kisha akapanda na kurudi Chanji alikopanga. Hatukuwa wachumba. Hakuna aliyekuwa amesema lolote. Lakini kila mama yake alipomtumia kambale wa kukausha kutoka Muze, nusu ya kifurushi iliishia jikoni kwetu, na mama yangu alikuwa ameacha kuuliza samaki wale wanatoka kwa nani.

Ninayaeleza haya ili ieleweke nilichokuwa nacho. Sikuwa na mali nyingine. Nilikuwa na kicheko kile, na nilidhani ni changu.

Kuhusu Marehemu mwenyewe tulijua kidogo. Meneja alisema alikuwa mkali. Mlinzi alisema alikuwa hanywi chai isiyo na tangawizi. Karani wa mizani alisema alikuwa anaweza kukaa kwenye kiti mchana kutwa bila kunyanyuka. Kiswahili chetu hakisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke mpaka uulize, na sisi hatukuuliza. Tulimchora wenyewe: mzee mwenye kipara, miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyesoma ng'ambo zamani na kusahau nusu. Mwenzangu alikuwa na sauti maalumu ya kumwigiza, ya puani.

Kabla ya msimu wa ununuzi meneja akatutangazia kwamba kampuni inafungua vituo vipya, kimojawapo Muze kwa ajili ya mpunga na mahindi ya bondeni, na programu lazima ipanuliwe. Yule aliyeiandika alikuwa na ofisi yake Mbeya sasa, angekuja kukaa nasi mpaka kazi iishe.

"Marehemu anafufuka," mwenzangu alinong'ona, na tukainamisha vichwa.

Alikuja ofisini moja kwa moja kutoka kwenye basi, kabla hajanawa. Zile zilikuwa nyakati za barabara ya vumbi, na mtu akishuka kutoka Mbeya alikuwa na rangi moja tu tangu nywele mpaka viatu. Nilimwona mlangoni nikadhani ni mteja. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene wa kupendeza, suruali ya jinzi, mkoba begani na chupa ya chai mkononi.

"Huyu ndiye mwenye programu yenu," meneja alisema.

Mimi nilisema shikamoo. Mwenzangu alisimama, akamtazama, na maneno yakamtoka bila breki.

"Kumbe Marehemu ni mwanamke."

Nilitamani sakafu ifunguke. Yule mgeni akageuza shingo taratibu. "Marehemu nani?"

Mtu mwingine angesema hapana, hakuna kitu. Mwenzangu akamweleza. Alimweleza yote, palepale, mbele ya meneja: jina, kipara, miwani ya uzi. Na alipoona mgeni anaanza kutabasamu akamweleza na hodi tatu, na chumba cha pareto. Mgeni akaweka chini mkoba wake. Alicheka kicheko ambacho sijawahi kusikia kwa mwanamke wa heshima, cha kutoka tumboni, akishika meza, vumbi likimdondoka mabegani.

"Na mahindi?" akauliza akijifuta macho. "Mmeyaona mahindi?"

"Yaliyorudi kwa mlango wa nyuma," mwenzangu akasema.

"Mlango wa nyuma. Ee Mungu wangu."

Nilikuwa nimesimama kando nikitabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa limekauka usoni kama matope. Neno la mlango wa nyuma lilikuwa langu. Nililisema mimi, siku ya mvua, tukisubiri jenereta liwashwe. Hakuliiba, alisahau tu kuwa ni langu, na hilo liliniuma zaidi.

Kuanzia siku ile vichekesho vyote vikahamia kwake. Ilikuwa haki yake, ndivyo nilivyojiambia, lakini haki haizuii roho kuuma. Sisi tulikuwa tukicheka tukiwa nje. Yeye alikuwa ndani. Kila upuuzi tulioupata yeye alikuwa na hadithi yake. Hodi tatu ziliwekwa kwa sababu meneja wa kwanza hakuiamini kompyuta, kila alipopita aliuliza, "Una hakika itakataa sifuri?", mgeni wetu akawa anaongeza mstari mbele yake ili aondoke. Pareto ilitokana na mwenye kampuni aliyeota ndoto wiki moja kwamba atakuwa tajiri wa pareto. Mahindi aliyaandika akiwa na mimba ya mtoto wake wa pili, anasinzia, anaamka, hajui alikuwa amefikia wapi.

"Na ile ya kuongeza moja na kupunguza moja?" mwenzangu alimuuliza, amevuta kiti chake karibu, mgongo amenipa mimi.

"Ile sikumbuki, mdogo wangu. Nadhani siku hiyo nilikuwa na hasira na mtu."

Mwenzangu akacheka akiirudisha shingo nyuma. Hicho kicheko cha kurudisha shingo nilikifahamu. Nilikuwa nimekifanyia kazi. Siku nyingine nilikuwa naamka asubuhi nimeshapanga nitakachosema ili nikione, na sasa mwanamke huyu alikuwa anakitoa bila hata kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha tangawizi.

Ningependa kusema alikuwa mbaya. Wageni wengi wakija Sumbawanga huanza na utani wa radi na uchawi, na mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukia atakapoanza. Hakuanza. Alimwamkia mlinzi kwa kumpa mkono, akajua watoto wa karani wanaendeleaje. Kwangu alikuwa mpole na mwenye haraka. Aliniuliza maswali ya kazi, nikajibu, akashukuru. Hakuniletea utani hata mmoja. Nilipojaribu mimi kumletea, nilichagua kibaya, akatabasamu kwa adabu na kurudi kwenye kioo chake. Nilihisi kama mtu aliyekosea sauti ya wimbo kanisani.

Jioni mwenzangu alianza kumsindikiza kwenye nyumba ya wageni, kwa sababu ni mgeni na hajui njia. Mji wetu wakati ule ungeweza kuumaliza ukiwa umefumba macho. Nikawa narudi Mazwi peke yangu.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuligusa. Nilikuwa nachambua mboga.

"Samaki wa Muze mwezi huu hawajapita?"

"Hawajapita."

"Bonde limekauka?"

"Mama, mimi nitajuaje."

Akageuza ugali. "Nimesikia mna mgeni ofisini."

"Tunaye."

"Mwanamke?"

"Ni mama wa watu, mama. Ana watoto na mume wake Mbeya."

"Sijauliza kama ana watoto," mama akasema.

Samaki walikuwa wamekuja. Niliona kifurushi asubuhi kimefungwa kwenye baiskeli ya mwenzangu, gazeti lililoloa mafuta, na mchana nikamwona mgeni amekiweka kwenye mkoba wake akisema mume wake atafurahi sana, kambale wa Rukwa hapatikani hivi hivi Mbeya. Hakikuwa kifurushi kizima. Nusu yake ililetwa kwangu jioni, kama kawaida, nikasema kwetu tunao samaki wa kutosha. Mwenzangu akanitazama, akairudisha kwenye baiskeli. Mpaka leo sijui nani alikula ile nusu.

Kisha ikaja safari ya Muze. Mgeni alituita wote wawili, akaeleza mpango. Yeye na mwenzangu wangeshuka bondeni kuona kituo kipya, kukagua mizani na kumfundisha karani wa kule. Mimi ningebaki.

"Wewe nakuachia jambo kubwa," aliniambia. "Pitia programu yote tangu mwanzo. Kila kisichohitajika kitoe. Tukipeleka uchafu huu Muze tutalia."

Nilisikia neno moja tu: ningebaki. Nilimtazama mwenzangu nikisubiri aseme kwamba mimi pia niende, gari lina nafasi. Alikuwa anafikiria kitu kingine, uso umechangamka. Anakwenda kwao. Katika muda wote niliomfahamu alinieleza Muze mpaka nikawa naiona: mteremko wa kutoka juu unaoziba masikio, mashamba ya mpunga, ng'ombe wa Wasukuma wakikata barabara kwa nafasi zao, nyumba yao yenye mti wa limau mlangoni. Hakuwahi kusema twende. Sasa mtu wa Mbeya, asiyejua limau lile wala kulisikia, ndiye anayepelekwa.

Waliondoka asubuhi na gari la kampuni. Nilifunga mlango wa ofisi kwa ndani, nikafungua programu.

Sijawahi kufanya kazi vizuri kama nilivyofanya siku zile. Hasira ni taa kali. Nilianzia mstari wa kwanza, na kila nilipokuta hodi ya pili na ya tatu nilifuta, nikibonyeza kibonye kwa kidole cha kati kana kwamba napiga mtu kwenye paji la uso. Nilibomoa chumba cha pareto na kitanda chake. Nilikuta mambo ambayo hatukuwahi kuyaona: hesabu moja iliyofanywa mara nne mahali panne, nikaiweka mahali pamoja. Majina yasiyotumika, nikayang'oa. Nilipofika kwenye mahindi nikasimama. Nilimwona anavyosema, "na kama sijala". Nikajiuliza kama amempitisha mgeni chini ya limau, na kama mama yake amemtolea kiti kizuri. Nikafuta.

Kisha nikaijaribu. Niliingiza magunia ya kila aina, uzito wa uongo, sifuri, herufi badala ya namba. Haikuyumba. Stakabadhi iliyokuwa inatufanya tusubiri mpaka tunapiga miayo ilitoka kabla sijaondoa kidole. Nilikaa nikaitazama, ofisi kimya, baridi ikiingia chini ya mlango. Nilijua nimefanya jambo zuri, na nilijua kwa nini nimelifanya, na sababu hizo mbili zilikuwa hazisalimiani.

Walirudi wamechoka na wamependeza, kama watu waliotoka harusini. Mwenzangu alikuwa anaongea tangu mlangoni. Walikuwa wamepata kichekesho kipya njiani kinachohusu mbuzi na mizani, na alitaka kumwonyesha mgeni kwamba kinafanana kabisa na mahindi. Akavuta kiti kwenye kompyuta yangu, akafungua, akatafuta. Akashuka chini, akapanda juu.

"Mahindi yako wapi?"

"Yapo," nikasema. "Mara moja."

Akaendelea kutafuta kidogo, kama mtu anayepapasa mfuko anaojua ni mtupu. Halafu akaniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya mtoto aliyerudi likizo akakuta mbuzi wake amechinjwa, na kuyatoa ndiyo kazi niliyokuwa nimepewa.

Mgeni akamwomba apishe. Akakaa, akavaa miwani, akaanza kusoma. Alisoma tangu mwanzo, mpaka mwenzangu akatoka kwenda kunywa chai na akarudi. Mara mbili alirudi juu kuthibitisha kitu. Mimi nilisimama dirishani nikijifanya natazama malori.

"Hii umeifanya peke yako?" aliuliza mwishowe.

"Ndiyo, dada."

"Programu hii nimeiandika mimi, nimeizaa mimi. Leo ndiyo mara ya kwanza naielewa." Akavua miwani. "Huku Sumbawanga unafanya nini?"

Nikadhani ananiuliza wajibu wangu, nikaanza kuutaja. Akanikatiza kwa mkono.

"Nina nafasi Mbeya. Natafuta mtu wa kukaa kwenye kiti cha pili ofisini kwangu. Si mtu wa kunichekesha, wa kunichekesha ninao. Natafuta mwenye jicho. Fikiria, uzungumze na wazazi, kisha uniambie kabla sijapanda basi."

Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa ameshika kikombe chake, na usoni mwake kulikuwa na kitu nilichokifahamu vizuri kwa sababu nilikuwa nimekivaa msimu mzima: tabasamu lililokauka. Ningesema nilimhurumia. Nilifurahi. Ilikuwa furaha tamu na chungu kama tangawizi ya yule mama, na niliinywa yote.

Jioni ile alinisindikiza Mazwi bila mimi kumwomba. Aliisukuma baiskeli kando yangu mpaka tukapita soko.

"Mimi hakuniambia lolote," akasema. "Muda wote ule. Nimemzungusha kila mahali. Hakuniuliza hata nimesomea wapi."

"Alikuwa anacheka na wewe."

"Kucheka si kazi."

"Kwangu ilikuwa zaidi ya kazi," nikasema, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikaona nimalize. "Mama yako, pale penye limau, alimpikia nini?"

Hakuelewa mara moja. "Mama? Ugali na kambale. Hatukuwa tumepanga kwenda. Tulikuwa kituoni, mama akasikia nipo, akaja mwenyewe akatukokota."

"Mbona mimi hukuwahi kunipeleka?"

Alisimamisha baiskeli. Watu walitupita, wanawake na ndoo, kijana wa pikipiki aliyembeba mbuzi. Mwenzangu alikuwa anaangalia kengele ya baiskeli yake kana kwamba imeharibika.

"Yule nikimpeleka ni mgeni wa kazi, anakula, anaondoka. Wewe nikikupeleka nyumbani kule wanaanza kuhesabu ng'ombe. Nilikuwa nasubiri niseme na baba kwanza."

Nilisimama pale Mazwi kama mtu aliyepigwa na upepo wa ghafla. Nilikuwa nimelihesabu jambo lile kwa namna zote isipokuwa hiyo. Mwanamke anayepelekwa bure hana uzito, na anayeachwa nyuma anapimwa, na mimi niliyefanya kazi kwenye mizani sikuliona.

"Na sasa?" nikamuuliza.

"Sasa unakwenda Mbeya."

"Umeambiwa na nani kuwa ninakwenda?"

"Nimekuona ulivyomtazama," akasema, na sauti yake ilikuwa na ukali ambao sikuwahi kuusikia. "Hata mimi hukuwahi kunitazama hivyo."

Basi nilikwenda. Baba alinung'unika, mama akanifungia sweta mbili na unga wa ulezi, nikapanda basi lilelile la vumbi kando ya Marehemu, ambaye sasa nilimwita bosi. Tulikuwa tumeachana, mimi na mwenzangu, bila kugombana na bila kukubaliana lolote. Kumbe yeye alikuwa amesema na baba yake: mvua za kwanza zilipoanza, mshenga kutoka Muze akapanda mlima, akaingia kwa baba yangu na kambale wawili wakubwa na maneno yaliyopangwa vizuri. Niliitwa nyumbani. Ng'ombe walihesabiwa na wazee wa pande zote mbili kwa kelele nyingi, na nilipelekwa Muze mchana kweupe, nikaketi chini ya lile limau, ambalo lilikuwa dogo kuliko nilivyolifikiria.

Tulipanga nyumba Mbeya. Mume wangu alipata kazi kwa wauza mbolea, akawa anatunza programu yao, na bosi wangu akawa rafiki wa nyumba. Ningependa kusema wivu uliisha kwa ndoa. Haukuisha, ulihamia sebuleni. Ofisini bosi aliniletea kazi tu. Alinifundisha kila alichokijua, alinisema nikikosea, alinipeleka mbele ya wateja na kusema huyu ndiye anayejua. Katika miaka yote niliyokaa naye kiti kwa kiti hatukucheka hata mara moja mpaka machozi. Jumapili alikuja kwetu baada ya ibada, mume wake na watoto wakiwa wamekwenda kwa bibi yao, akaketi kwenye kochi na mume wangu, na wakaanza. Mume wangu alikuwa amekuta mambo ya ajabu katika programu ya mbolea, na alikuwa anamwekea yeye akiba wiki nzima. Hakuniambia mimi. Aliwahi kuniambia kwamba mimi nikisikia upuuzi wa namna hiyo uso wangu unaanza kutafuta pa kuufutia.

Nilikuwa jikoni Jumapili moja, nakata vitunguu, na kicheko chao kikapasuka. Chake cha tumboni, cha mume wangu cha kurudisha shingo. Nilijua hakuna ubaya wowote sebuleni mle. Nilijua kila mmoja wao ananipenda kwa namna yake, mmoja kwa heshima na mmoja kwa nyumba. Lakini heshima ni kitu cha baridi ukikilinganisha na kile nilichokuwa nakisikia kupitia ukutani, na nilisimama na kisu mkononi, macho yananiwasha, nikiona wivu kama siku ya kwanza.

Nikaosha mikono, nikapunguza jiko, nikaingia sebuleni. Kochi lilikuwa la watu wawili. Nikaketi katikati yao, nikisukuma huku na huku mpaka nikaenea, nikinuka vitunguu. Bosi akashika kikombe chake kisimwagike.

"Mnacheka nini?" nikauliza.

Wakatazamana juu ya kichwa changu.

"Si kitu," mume wangu akasema. "Ni mambo ya programu tu. Ni marefu."

"Nisimulie."

Akaanza tangu mwanzo, tangu siku aliyoifungua programu ile ya mbolea, akieleza sehemu hii ilitangulia ile. Hakikuwa kichekesho kikubwa sana. Nikamwambia aendelee.